Yuriki Imepanda, Je, Sukari? Mwongozo Kamili kwa Mjamzito wa Nyanda za Juu Kusini

Mjamzito akirudi nyumbani na majibu yanayosema asidi ya yuriki iko juu, ushauri wa kwanza anaopewa mtaani ni aache maharage na nyama. Anaacha. Sahani inabaki na ugali wa sembe, ndizi au viazi, na pembeni chai yenye vijiko vitatu vya sukari. Kwa mama wa Rungwe, Mufindi au Njombe, ambaye maharage ndiyo protini yake ya kila siku, ushauri huo humnyang'anya chakula kilichokuwa kinamfaa na kumwachia kile kinachompandishia sukari.

Ninachotaka mjamzito akijue ni kifupi: yuriki ikionekana iko juu mwanzoni mwa mimba, nenda kapime sukari. Usianze kwa kukata maharage, wala kwa kununua dawa ya kuishusha.

Yuriki na sukari zinakutania wapi

Asidi ya yuriki ni taka. Mwili unapovunja purini, ambazo zimo kwenye seli zetu wenyewe na kwenye vyakula kama maini na dagaa, mwisho wake ni yuriki. Inasafiri kwenye damu hadi kwenye figo, na nyingi inatoka na mkojo. Ipo njia nyingine ambayo watu hawaizungumzii: fruktosi, ambayo ni nusu ya sukari tunayoweka kwenye chai. Ini linapoichakata fruktosi nyingi kwa mkupuo, yuriki huzalishwa. Kwa hiyo soda inaweza kupandisha yuriki hata kwa mtu asiyegusa nyama wiki nzima.

Sasa kisukari cha ujauzito. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoifanya insulini ya mama isifanye kazi vizuri, ili mtoto apate sukari ya kutosha. Kongosho la mama hujibu kwa kutoa insulini zaidi. Kongosho likishindwa kwenda na mahitaji hayo, sukari inabaki kwenye damu, na hicho ndicho kisukari cha ujauzito. Insulini inapokuwa nyingi kwenye damu kwa sababu mwili hauisikii, figo nazo huanza kuizuia yuriki isitoke. Ndiyo maana yuriki inaweza kupanda wakati sukari bado inasomeka vizuri: mwili umeshaanza kuikataa insulini, ila kongosho bado linamudu.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wanawake ambao yuriki yao ya miezi mitatu ya kwanza ilikuwa kwenye robo ya juu kabisa walikuwa na hatari ya karibu mara 3 ya kupata kisukari cha ujauzito. Lakini hatari si ugonjwa. Wapo wenye yuriki ya juu ambao sukari haipandi hadi wanajifungua, na wapo wenye yuriki nzuri kabisa wanaokutwa na kisukari. Kipimo cha yuriki hakitoi hukumu juu ya sukari.

Hatua ya 1: Jiweke kwenye kundi lako mapema

Siku unapofungua kadi ya kliniki, mwambie mkunga haya bila kusubiri kuulizwa: kama mama yako, baba yako au ndugu yako wa tumbo moja ana kisukari, kama uliwahi kujifungua mtoto wa kilo 4 au zaidi, kama uliwahi kupoteza mtoto tumboni miezi ya mwisho, kama mimba iliyopita sukari ilipanda, kama uzito wako ulikuwa mkubwa kabla ya mimba, na umri wako kama umepita miaka 35. Ukiwa na mojawapo, omba sukari ipimwe hudhurio lile la kwanza, na ikiwa nzuri irudiwe wiki ya 24 hadi 28. Usiyafiche ya mtoto aliyefariki. Najua ni mazito kuyasema mbele ya benchi lililojaa watu; omba kuongea na mkunga pembeni.

Kipimo cha yuriki si sehemu ya vipimo vya kawaida vya kliniki ya wajawazito, na zahanati nyingi hazina mashine ya kukifanya. Kwa kawaida utakipata hospitali ya wilaya, ya mkoa au ya rufaa. Kama fedha uliyonayo inatosha kipimo kimoja tu, hapo sina mashaka hata kidogo: pima sukari.

Hatua ya 2: Soma karatasi ya yuriki kama karatasi ya mjamzito

Hapa ndipo wengi wanapopotea, wagonjwa na hata baadhi ya watoa huduma.

Maabara nyingi huchapa pembeni ya jibu kiwango cha kawaida cha mwanamke asiye mjamzito, takriban 2.4 hadi 6.0 mg/dL. Mimba inabadilisha hesabu hiyo. Miezi ya mwanzo damu inayopita kwenye figo huongezeka sana, figo husafisha zaidi, na yuriki hushuka. Miezi mitatu ya kwanza kiwango kinachotarajiwa ni kama 2.0 hadi 4.2 mg/dL. Baadaye inapanda taratibu, hadi miezi mitatu ya mwisho inafika kati ya 3.1 na 6.3.

Chukua mama wa wiki 10 mwenye jibu la 5.4. Karatasi haina alama yoyote ya hatari, kwa sababu 5.4 iko ndani ya kiwango kilichochapwa. Kwa mimba ya wiki 10 namba hiyo iko juu, na mama huyo anastahili kupimwa sukari na kufuatiliwa presha. Namba hiyohiyo kwa mama wa wiki 36 inaweza kuwa ya kawaida. Kwa hiyo usiulize tu "iko ngapi?" Uliza, "Kwa wiki zangu, iko juu?" Na hakikisha wiki zako zimeandikwa kwenye fomu ya maabara.

Angalia kizio pia. Maabara nyingine hutumia µmol/L. Zidisha mg/dL mara 59.5 upate hiyo nyingine: 4.2 ni kama 250. Kuna watu wanaoona 250 wakashtuka wakidhani wameharibikiwa.

Kabla ya kuliamini jibu la juu, jiulize ulikuwaje siku zile. Kutapika sana, kukaa na njaa kwa muda mrefu na kukosa maji hupandisha yuriki. Pombe huipandisha. Dawa za kukojoesha maji huipandisha, vivyo hivyo pirazinamidi iliyomo kwenye dawa za kifua kikuu, na aspirini ya dozi ndogo ambayo baadhi ya wajawazito huandikiwa kuzuia kifafa cha mimba. Dawa hizo usiziache. Mtajie daktari tu kwamba unazitumia, alisome jibu akijua.

Hatua ya 3: Kipimo cha sukari chenyewe

Kipimo kinachoamua ni kile cha kunywa glukosi, kati ya wiki ya 24 na 28. Sukari kwenye mkojo haitoshi. Wakati wa mimba figo huweza kupitisha sukari kwenye mkojo hata damu ikiwa salama, na mwingine mwenye kisukari mkojo wake hauonyeshi kitu.

Siku tatu kabla, kula ulivyozoea. Usijinyime ugali ili "majibu yatoke mazuri", maana kujinyima huvuruga kipimo chenyewe. Usiku wa kuamkia kipimo, kaa saa 8 hadi 12 bila kula. Maji matupu yanaruhusiwa.

Mazungumzo ya namna hii ni ya kila siku kwenye chumba cha vipimo:

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekula chochote asubuhi?"

"Hapana dada, sijala. Nimekunywa chai tu, kulikuwa na baridi."

"Chai ina sukari?"

"Kidogo."

Kipimo kimekufa hapo, na nauli ya kutoka kijijini imeenda bure. Mwezi wa sita na wa saba, ambapo Makete na Njombe asubuhi huwa na umande wa barafu, hamu ya chai naielewa. Vaa sweta mbili, funga kitenge, na chai iwe kwenye chupa ya kuja kunywa ukimaliza. Kama unatoka mbali, Chunya au Ludewa kwa mfano, na basi lako linafika saa tano, lala kwa ndugu mjini usiku wa kuamkia siku hiyo, au omba upangiwe hospitali iliyo karibu nawe.

Ukifika, damu inatolewa kwanza ukiwa na njaa. Halafu unapewa gramu 75 za glukosi kwenye maji, unazinywa ndani ya dakika 5. Ni tamu kupita kiasi na inaweza kutia kichefuchefu. Kunywa kwa mafunda madogomadogo. Damu inatolewa tena baada ya saa 1 na baada ya saa 2. Muda wote huo kaa palepale. Usiende sokoni, usipande ngazi. Ukitapika, sema, usione aibu: kipimo kitarudiwa siku nyingine.

Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, una kisukari cha ujauzito jibu moja tu likifika hapa:

- ukiwa na njaa: 5.1 hadi 6.9 mmol/L
- baada ya saa 1: 10.0 au zaidi
- baada ya saa 2: 8.5 hadi 11.0

Njaa ikifika 7.0, au saa 2 ikifika 11.1, hicho ni kisukari kamili, huenda ulikuwa nacho kabla ya mimba, na matibabu huanza bila kusubiri. Kama majibu yako yameandikwa kwa mg/dL, gawanya kwa 18.

Hatua ya 4: Sahani, na kwa nini maharage yabaki

Purini za maharage, kunde, njegere na mboga za majani hazijaonekana kuongeza hatari ya jongo, yaani ugonjwa wa viungo unaoletwa na yuriki, kama zinavyofanya za nyama na za samaki. Maharage yana nyuzinyuzi na protini zinazofanya sukari iingie kwenye damu polepole. Mama mwenye yuriki ya juu na sukari inayonyemelea anayahitaji kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani humo. Kande la mahindi na maharage, lisilotiwa sukari, ni chakula chema kwake, alimradi maharage yawe mengi na bakuli lisiwe la kurundika.

Vya kupunguza kwa sababu ya yuriki ni vichache: maini, figo na utumbo, supu nzito za nyama, dagaa na usipa wa kila siku. Maini yana sababu nyingine, vitamini A nyingi, ambayo ikizidi si salama kwa mtoto miezi ya mwanzo. Dagaa mara moja moja kwa wiki si kosa. Wana madini ya chokaa na ni rahisi kupatikana.

Vya kukata kwa sababu ya yuriki na sukari kwa pamoja ni vya kunywa. Soda moja ya mililita 350 ina karibu gramu 35 za sukari, sawa na vijiko vya chai 8 au 9. Juisi ya kiwandani ni hivyohivyo, na juisi ya nyumbani iliyokamuliwa matunda manne haiko mbali. Ulanzi wa Iringa na Njombe, komoni, kimpumu, bia: pombe ya aina yoyote hupandisha yuriki na humdhuru mtoto. Usikubali kuambiwa ulanzi mbichi wa asubuhi ni maji ya mianzi tu. Utamu wake ni sukari, na kuchacha huanza tangu unapogemwa.

Ugumu wenyewe uko kwenye wanga, kwa kuwa kanda hii ni ghala la wanga: mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu, viazi mviringo vya Njombe, magimbi, mahindi ya kila mahali. Hakuna haja ya kuviacha. Pima kwa ngumi: ugali wa dona au wali usizidi ngumi yako iliyokunjwa. Nusu ya sahani iwe mboga, yaani mnafu, chainizi, matembele, kabichi, na robo iliyobaki iwe maharage, yai, samaki au nyama isiyo na mafuta. Wanga wawili wasikae sahani moja. Wali na viazi kwa pamoja ni mzigo. Ndizi mbichi za kupika ni nafuu kuliko ndizi zilizoiva. Parachichi, ambalo Rungwe na Njombe limejaa hadi linaoza shambani, halipandishi sukari kwa maana yoyote ya kutisha, na linashibisha.

Asubuhi ndiyo saa ngumu kuliko zote. Homoni za alfajiri huifanya insulini kuwa dhaifu zaidi, halafu mezani kuna chapati, maandazi na chai ya sukari. Wengi sukari inawagomea hapo hata kama siku nzima wanajitahidi. Jaribu yai la kuchemsha, kipande kimoja cha gimbi, nusu parachichi, na chai ya maziwa bila sukari. Itachukua wiki moja au mbili ulimi kuzoea.

Usijishindishe njaa. Mwili wenye njaa huchoma mafuta, na mazao ya kuchoma mafuta hayo huzuia figo kutoa yuriki. Utakuwa umepandisha kile ulichotaka kushusha, na mtoto amekosa chakula. Kula milo mitatu midogo na vitafunwa viwili: karanga kiganja kimoja, au maziwa mgando yasiyo na sukari.

Baada ya mlo, tembea dakika 10 hadi 15. Misuli ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu bila kuhitaji insulini nyingi. Kama daktari amekukataza kutembea kwa sababu ya kutokwa damu au kondo kuwa chini, mtii.

Hatua ya 5: Kupima nyumbani

Malengo ni haya: njaa ya asubuhi chini ya 5.3 mmol/L, saa 1 baada ya mlo chini ya 7.8, saa 2 baada ya mlo chini ya 6.7. Saa hesabu tangu tonge la kwanza.

Nawa mikono kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kausha kabisa. Ukiwa umetoka kumenya ndizi mbivu au embe, sukari iliyobaki kwenye kidole inaweza kukuonyesha 12 wakati damu yako ni 6. Maji ya uvuguvugu yana faida ya pili huku kwetu kwenye baridi: damu inashuka kwenye vidole. Choma ubavuni mwa ncha ya kidole, siyo katikati, kwa kuwa ubavuni maumivu ni kidogo. Usikamue kidole kwa nguvu. Ning'iniza mkono chini, tone litakuja.

Stripi, yaani vijiti vya kupimia vya mashine ya sukari, zikae kwenye kopo lake lililofungwa. Usiziweke juu ya dirisha wala karibu na jiko. Mashine nyingi hazisomi vizuri kwenye baridi kali, na asubuhi za Julai zinaweza kuandika alama ya hitilafu badala ya namba. Iweke ndani ya nguo zako robo saa kisha upime.

Andika kwenye daftari: tarehe, saa, namba, ulichokula. Daftari hilo lina thamani kliniki kuliko maelezo ya "najitahidi". Kama huna mashine, muulize mkunga wako ni siku gani unaweza kwenda zahanati kupimwa ukiwa na njaa, na siku gani saa 1 baada ya chai.

Hatua ya 6: Dawa

Wiki moja hadi mbili za chakula na kutembea zisipotosha, daktari ataanzisha insulini ya sindano au vidonge vya metformini. Insulini haivuki kondo kwenda kwa mtoto. Kuandikiwa sindano hakumaanishi umeshindwa kujitunza; wengine mwili wao unahitaji tu. Chupa uliyokwisha kuifungua hukaa hadi wiki 4 mahali pa baridi ya kawaida, na mtungi wa udongo wenye maji pembeni unatosha kabisa kwa hali ya hewa ya Mbeya. Isigande. Insulini iliyoganda imekufa, hata kama ikiyeyuka inaonekana nzima.

Ukitumia insulini ukatetemeka, ukatoka jasho la baridi, moyo ukaenda mbio, pima. Chini ya 3.9, kunywa maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, pima tena baada ya dakika 15, kisha kula.

Kuhusu yuriki: hakuna ushahidi kwamba kuishusha kwa dawa kunamkinga mjamzito na kisukari. Alopurinoli, dawa ya kushusha yuriki, kwa kawaida haitumiki kwenye mimba. Zile chupa za "kuyeyusha yuriki" zinazouzwa stendi na sokoni usizinywe, hujui zina nini. Miguu ikiuma usikimbilie diklofenaki, hasa baada ya wiki ya 20, inaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Jongo kwa mjamzito ni nadra mno. Maumivu mengi ya miguu yana sababu nyingine. Parasetamoli ndiyo salama zaidi wakati unasubiri kuonwa.

Hatua ya 7: Presha isisahauliwe

Yuriki inayopanda baada ya wiki ya 20 humfanya daktari afikirie zaidi presha ya mimba kuliko sukari. Kila hudhurio hakikisha presha inapimwa na mkojo unaangaliwa protini. Presha ya 140/90 au zaidi, kichwa kinachouma bila kuachia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya chembe ya moyo, uso kuvimba ghafla, mtoto kupunguza kucheza: lolote kati ya hayo ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Hatua ya 8: Kujifungua, na miezi inayofuata

Ukiwa na kisukari cha ujauzito, usipange kujifungulia nyumbani wala zahanati. Panga hospitali yenye chumba cha upasuaji na uwezo wa kumhudumia mtoto mchanga. Kwa Mbeya mjini ipo Meta, kitengo cha wazazi cha Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Wa Makete wanaijua Ikonda, wa Iringa vijijini Tosamaganga, wa Wanging'ombe Ilembula. Mvua huku hunyesha Novemba hadi Aprili, na barabara za vijijini huwa tope tupu. Tarehe yako ikiangukia miezi hiyo, sogea karibu na hospitali kuanzia wiki ya 37, kwa shangazi, kwa rafiki, au kwenye nyumba ya kusubiria kama hospitali inayo.

Mtoto anyonye ndani ya nusu saa. Alizoea sukari nyingi kutoka kwako, insulini yake bado iko juu, na sukari yake inaweza kushuka ghafla. Manesi watampima kwa tone la kisigino. Wakumbushe kama wamezidiwa na kazi.

Sukari yako kwa kawaida hurudi sawa baada ya kondo kutoka, na hapo wengi hawarudi tena kupima. Rudi wiki ya 6 hadi ya 12 ufanye kile kipimo cha glukosi upya. Unaweza kukiunganisha na siku ya chanjo ya mtoto. Aliyewahi kupata kisukari cha ujauzito ana hatari ya kupata kisukari cha kudumu karibu mara 7 hadi 10 kuliko mwenzake, kwa hiyo pima kila mwaka ukiweza, usipitishe miaka mitatu. Endelea kunyonyesha, kunasaidia kuipunguza hatari hiyo. Na ukishika mimba nyingine, nenda kliniki mara tu unapojua, na neno lako la kwanza kwa mkunga liwe kwamba mimba iliyopita sukari ilipanda.